Mikuyu Iliyopona Kati ya Ndulele

Asubuhi moja ya mwisho wa Septemba, moshi wa mashamba yanayochomwa ukiwa umetanda hadi bondeni, nilisimama juu ya chanzo cha maji cha ukoo wetu wilayani Kilolo nikihesabu vijiti. Nasema vijiti kwa sababu katika nusu ya juu ya eneo tulilopanda hakukuwa na kitu kingine cha kuhesabu. Miche ya mikuyu tuliyoipanda Januari, na ambayo mwezi Mei baadhi yake ilikuwa imenifika kiunoni, ilikuwa imegugunwa hadi usawa wa goti, mingine hadi kifundo cha mguu.

Nilipiga magoti nikazitazama ncha. Hazikuwa zimekatwa kwa mshazari kama kwa kisu, jambo ambalo lingekuwa kazi ya sungura. Zilikuwa zimechanika, nyuzi za gome zikining'inia upande mmoja. Wanyama wanaocheua hawana meno ya mbele katika taya la juu, hivyo hubana tawi kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kisha huvuta. Mbuzi hula hivyo, na pongo hula hivyo.

Kati ya miche 24 ya nusu ile, ilikuwa imebaki mitatu.

Kisha nikashuka kwenye nusu ya chini, ambayo nilikuwa nikiionea aibu tangu Aprili kwa sababu haikupaliliwa. Ndulele zilikuwa zimenifika kifuani, na bangi mwitu ilikuwa imekauka bila kuacha kunuka. Nilipokuwa nikitenganisha matawi kwa fimbo, nikaanza kuuona mkuyu mmoja baada ya mwingine, myembamba, iliyorefuka kwa kutafuta mwanga, lakini yenye majani yake. Nilihesabu mara mbili. Kati ya 24 ilikuwa hai 17.

Nusu niliyoitunza ndiyo iliyoliwa.

## Palizi niliyojivunia

Wenyeji wa nyanda hizi hawahitaji kuelezwa kwa nini tulipanda mikuyu pale. Maji yalikuwa yamepungua, vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vilikuwa vimekisogelea chanzo mwaka hadi mwaka, na zile mita 60 kutoka kwenye maji ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda zilikuwa zimebaki midomoni mwa watu tu. Ukoo ulikaa, ukakubaliana kurudisha miti ambayo babu zetu waliikuta.

Mwezi wa nne nilichukua likizo nikaenda kupalilia. Nimelelewa katika nyumba ambamo magugu shambani yalihesabiwa kuwa fedheha ya mwenye shamba, na fedheha hiyo ilimfuata hadi kanisani na kilabuni. Nilianzia juu. Kila mche niliuzungushia duara safi la udongo mwekundu, nikang'oa ndulele pamoja na mizizi yake, nikakusanya mashona nguo na kuyarundika mbali. Nilikuwa nimefika katikati ya eneo siku tulipopata habari za msiba huko Dabaga. Tuliacha majembe tukaenda kulia na wenzetu, na likizo ikaishia huko. Nusu ya juu niliipiga picha nikawatumia ndugu walioko mjini. Nusu ya chini sikuipiga picha.

Baada ya mavuno mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kila mwaka. Mahindi yakishatoka shambani, mbuzi na ng'ombe huachiwa wakatembee kwenye mabua, na kadiri kiangazi kinavyokaza, mabua nayo huisha, na mifugo hushuka mabondeni ambako bado kuna kijani. Hili nilikuwa nalijua tangu utotoni. Kwa hiyo sikushangaa kwamba mbuzi walikuja. Kilichonikosesha usingizi ni mahali walipochagua kula, wakiwa wamezizunguka nusu zote mbili na nyayo zao zikiwa zimejaa kote.

Mjomba alinikuta nikiwa nimekaa juu ya jiwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaona?"

"Nimeona. Kule tulikopalilia wamemaliza. Huku hawakugusa sana."

Aliegemea mpini wa jembe, akakaa kimya kwa muda. "Kule mlimtandikia mkeka," akasema, "mkaweka na chakula katikati yake."

## Jirani aliye ukuta

Nilirudi Iringa mjini na sentensi hiyo, na kwa wiki kadhaa kila jioni nilikuwa nikisoma. Nilidhani natafuta jibu la swali la mbuzi. Nikakuta kwamba wataalamu wa mimea wamekuwa wakiuliza swali hili hili kwa zaidi ya miaka 50, na kwamba limewasumbua zaidi wale wa Ulaya na Marekani, ambako anayemaliza miche msituni ni ayala, yule mwenye pembe za matawi ambaye sisi tunamsikia kanisani tu kwa kuwa porini kwetu hayupo.

Mwaka 1972 Tahvanainen na Root waliandika kuhusu mbawakavu wadogo wanaokula sukuma wiki, wakaonesha kwamba sukuma wiki iliyopandwa pamoja na mimea mingine, ikiwamo nyanya, haishambuliwi kama ile iliyopandwa peke yake. Miaka minne baadaye Atsatt na O'Dowd wakalipanua wazo hilo, wakieleza kwamba mimea inaweza kuwa kama chama cha ulinzi, ambamo usalama wa mmoja hutokana na tabia za wengine waliomzunguka. Kwa wanyama wenye manyoya, Hjältén na wenzake walilichunguza jambo hilo kwa sungura na panya wa porini wa kaskazini ya Ulaya mwaka 1993, wakiangalia jinsi miti inayopendwa inavyoguswa kutegemea miti iliyo jirani.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona nusu ya chini kwa macho mapya. Ndulele ina miiba hadi kwenye majani yake, na uchungu ambao mbuzi mwenye chakula kingine hautaki. Bangi mwitu ina harufu inayobaki kwenye nguo hata baada ya kufua. Mkuyu hauna kinga ya aina hiyo. Ukisimama kati ya ndulele na bangi mwitu, mdomo wa mbuzi haufiki kirahisi, jicho lake halioni kirahisi, na pua yake inasikia mambo mengi kwa wakati mmoja.

Mambo haya matatu ni tofauti, na nilikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila moja lingenielekeza kufanya kitu tofauti. Ikiwa kinachookoa ni miiba, basi matawi makavu ya miiba yangetosha, kama wanavyofanya wenzetu wa Isimani wanapozungushia mazizi yao. Ikiwa ni kufichwa machoni, basi nyasi ndefu zozote zingetosha. Ikiwa ni harufu, basi kukata bangi mwitu kungekuwa kumvua mche nguo hata kama nyasi zingebaki zimeufunika.

Australia, kunakotoka milingoti iliyojaa kwenye vilima vyetu, Rebecca Stutz na wenzake walifuatilia jinsi walabi, jamaa wadogo wa kangaruu, wanavyoipata miche ya milingoti iliyopandwa kati ya mimea mingine. Walieleza kwamba kinga ya jirani hutokana kwa kiasi kikubwa na jinsi mnyama anavyotafuta, kwamba mche uliozungukwa na mimea mingine huchelewa kupatikana, na kwamba pua ina sehemu yake katika utafutaji huo. Kuchelewa si jambo dogo. Mche unaohitaji misimu miwili ili kuupita urefu wa mdomo wa mbuzi unahitaji kuchelewa kuonekana, hata kama hatimaye utaonekana.

Nilikuwa karibu kuandika makala haya wakati huo, na yangekuwa makala mafupi yenye ushauri mmoja: acheni magugu.

## Mkuyu ulioliwa peke yake

Wikiendi ya pili ya Oktoba nilirudi Kilolo kuihakikisha hoja yangu. Badala ya kuangalia ile 17 iliyopona, safari hii niliangalia ile saba iliyokufa katika nusu ya chini.

Mmoja ulikuwa katikati kabisa ya bangi mwitu. Hakukuwa na mmea mwingine wa kuliwa kwa hatua kumi au zaidi kila upande. Kwa hoja yangu, huo ndio uliopaswa kuwa salama kuliko yote. Ulikuwa umeliwa hadi ardhini, na hata gome la shina lilikuwa limechunwa. Njia nyembamba ya kwato iliingia hadi kwenye mche, na kutoka hapo ikarudi ilikotoka.

Huyo mbuzi hakupita kwa bahati. Aliingia kwa ajili ya mche ule.

Nilimwita mjomba aje aone. Alitazama, akachukua kipande cha bangi mwitu, akakisugua kiganjani. "Ukiwa na njaa," alisema, "na ukawa mahali pasipo na chakula, kitu kimoja kizuri unakiona haraka zaidi."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye vitabu, na kwenye utafiti ambao nilikuwa nimeuruka mara ya kwanza kwa sababu ulionekana kuwa mbali na shamba. Mwaka 2006 Ulrika Alm Bergvall na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa ayala wa aina ya *Dama dama*. Hawakutumia miti. Walitumia chakula kilichochanganywa na tanini, kingine nyingi na kingine kidogo, wakakipanga kwa makundi na kuangalia ayala wanachagua nini. Tanini tunaijua sisi wa nyanda za juu: ni jamii ya kemikali inayotolewa katika magome ya miwati ya Njombe kwa ajili ya kusindika ngozi. Hushikamana na protini. Ndani ya ngozi huifanya isioze. Ndani ya kinywa cha mlaji hukaza ulimi na kupunguza faida ya chakula.

Ayala wale walichagua mara mbili. Kwanza walichagua wakalie kundi lipi, kisha, wakiwa ndani ya kundi, walichagua chakula kipi. Na walikuwa wateuzi zaidi katika uchaguzi wa pili kuliko wa kwanza. Kwa hiyo chakula chenye tanini kidogo kilichowekwa kati ya vyenye tanini nyingi kililiwa zaidi, kwa sababu kilijitokeza. Na chakula chenye tanini nyingi kilichowekwa kati ya vizuri kiliachwa zaidi, kwa sababu hiyo hiyo ya kujitokeza.

Nilisoma ukurasa huo mara tatu.

Maana yake ni kwamba jirani mchungu anaweza kukuficha na anaweza kukuanika, na kinachoamua ni hatua ambayo mlaji amefikia katika kuchagua. Mbuzi aliye juu ya kilima anayeona bonde zima la ndulele na bangi mwitu atapita mbali, na mikuyu iliyomo itapona pamoja na wabaya wake. Lakini mbuzi ambaye tayari ameingia, kwa sababu yoyote ile, halinganishi tena bonde na bonde. Analinganisha jani na jani. Katika ulinganisho huo mkuyu hauna mshindani.

Miche yangu mingine ilikuwa na mshindani. Katika sehemu nyingi za nusu ya chini mashona nguo yalikuwa yameota pamoja na ndulele, na mbuzi hupenda mashona nguo. Mikuyu iliyopona vizuri zaidi haikuwa ile iliyozungukwa na uchungu mtupu. Ilikuwa ile iliyozungukwa na mchanganyiko, ambamo mlaji aliyeingia alikuta kitu cha wastani cha kula pembezoni, akashiba au akafukuzwa kabla hajafika katikati.

Au ndivyo ninavyodhani. Miche 24 ni michache mno kwa mtu anayetaka kuwa na hakika, na mimi sikuipanda kama jaribio.

## Matembele

Miche minne kati ya ile saba ilikuwa mstari mmoja, upande wa mashariki, kando ya kinyungu cha mama mmoja jirani yetu aliyekuwa amepanda viazi vitamu. Magugu yalikuwepo pale kama kwingine, ndulele zilikuwepo, na bado hakikubaki kitu.

Hapa sikuhitaji kitabu. Mwezi wa tisa, wakati kila kitu kimekauka, matembele mabichi yanayomwagiliwa kila jioni ni taa inayowaka usiku. Mbuzi walikuja kwa ajili ya matembele, mama yule akawafukuza kwa mawe, nao kila walipofukuzwa walisimama hatua chache nyuma, pale pale penye mikuyu yangu, wakapurura walichokikuta huku wakisubiri ageuke. Alinieleza haya mwenyewe kwa masikitiko, akaniomba radhi, ingawa hakuwa na kosa lolote. Kinyungu chake kilikuwa nje ya mita 60, kilikuwapo kabla ya miti yangu, na kilikuwa kikilisha watoto wake.

Wahenga walisema nazi mbovu harabu ya nzima. Kwa mimea nimejifunza kwamba nazi nzuri nayo inaweza kuharibu jirani yake, kwa kuwa umati unaoifuata haurudi mikono mitupu. Watafiti wa mimea wameliona jambo hili mara nyingi na wanalitaja sambamba na lile la ukuta: mmea usiopendwa sana huliwa zaidi ukiwa karibu na unaopendwa kwa sababu mlaji ameshafika hapo. Tunapopanda miti ya kivuli kando ya maharage, au miche ya asili kando ya lusini iliyopandwa makusudi kwa ajili ya malisho, tunaamua bila kujua nani atatembelea miche hiyo.

## Mlaji yupi?

Imebaki miche miwili, na hiyo ndiyo iliyonisumbua kuliko yote.

Ilikuwa kwenye kona ya chini, pale kichaka kinapokutana na kipande cha msitu wa asili kilichobaki kwenye korongo. Magugu yalikuwa mazito hata mimi nilipita kwa shida. Majani ya mikuyu ile miwili yalikuwa yamechumwa kwa upole, ncha changa tu, na tawi moja moja, hadi miche ikafa. Mjomba aliinama, akaonesha alama ndogo za kwato zenye ncha kali kwenye udongo laini, akasema neno moja.

"Pongo."

Mbuzi wa kijijini hapendi kuingia mahali asipoona mbele yake. Pongo ni kinyume chake. Huyu ni mnyama wa vichaka, hutembea peke yake, hula zaidi alfajiri na usiku, na uwazi ndio unaomtisha. Kichaka kilekile kilichomzuia mbuzi kilimpa pongo chumba cha kulia. Kwake yeye nusu ya juu, yenye udongo mwekundu uliozungushwa kwa ufundi, ndiyo iliyokuwa salama kwa miche, kwa maana asingethubutu kusimama pale.

Jambo hili lilisemwa kuhusu nchi yetu wenyewe muda mrefu kabla sijaanza kuhesabu vijiti. Mwaka 1978 Samuel McNaughton alichapisha matokeo ya kazi yake ya Serengeti kuhusu *Themeda triandra*, nyasi ambayo wachungaji wa nyanda za juu pia wanaifahamu kwa rangi yake ya kutu wakati wa kiangazi. Alionesha kwamba nyasi hiyo ikichanganyika na mimea isiyopendwa inaweza kupata kinga, lakini nguvu ya kinga hiyo hutegemea jinsi mlaji anavyochagua. Mnyama mwenye mdomo mpana anayekata tonge zima hawezi kutenganisha kizuri na kibaya, hivyo kibaya humkatisha tamaa. Mwenye mdomo mwembamba huingiza pua katikati na kutoa anachokitaka.

Mdomo wa pongo ni mwembamba. Wa mbuzi nao si mpana. Wa ng'ombe ni mpana, na nadhani ndiyo sababu sijaona hata mkuyu mmoja ulioliwa na ng'ombe katika nusu ya chini, ingawa kinyesi chao kilikuwepo.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wanalijua na ambalo Frederick Provenza alilifanyia kazi kwa miaka mingi huko Utah: mbuzi hujifunza. Chakula kikimletea maumivu baada ya kula, hukikumbuka na kukipunguza; kikimfaa, hukirudia, na mwana hujifunza kwa kumtazama mama yake. Hivyo hata hesabu yangu ya Septemba ni ya mbuzi wa Septemba. Kundi hilo sasa linajua kwamba ndani ya ndulele za bonde lile kuna mikuyu. Mwakani watoto wao watajua pia.

Hapo ndipo nilipoliacha neno "magugu" kwa muda. Lilikuwa likinizuia kuona. Linaweka ndulele, bangi mwitu na mashona nguo katika kapu moja, wakati kwa mche wa mkuyu hao ni watu watatu tofauti, na kila mmoja ana sura tofauti mbele ya kila mlaji.

## Gharama ya kulindwa

Siwezi kuacha msomaji adhani kwamba miche 17 iliyopona ilikuwa na hali nzuri. Ilikuwa hai. Mashina yake yalikuwa membamba kama penseli, majani yake machache, na baadhi ilikuwa imeinama kwa kukosa nguvu ya kujibeba. Ile mitatu iliyopona katika nusu ya juu, kwa upande mwingine, ilikuwa minene kama kidole gumba na tayari ilikuwa ikitoa matawi.

Jirani anayekuficha hunywa maji yako.

Katika misitu ya Pennsylvania nchini Marekani jambo hili limefika mbali zaidi. Ayala walipokuwa wengi kupita kiasi walimaliza miche ya miti na mimea waliyoipenda, wakaacha aina moja ya kangaga wasiyoipenda, nayo ikaenea hadi kuifunika ardhi ya msitu. Mtu angetegemea kwamba chini ya mmea usiopendwa miche ingejificha na kukua. Lakini kivuli chake ni kizito mno, na miche mingi hufa hapo bila kuguswa na ayala hata mmoja. Walichoacha walaji kimekamilisha kazi yao.

Waingereza wa zamani, kwa upande mwingine, walikuwa na msemo kwamba mwiba ni mama wa mwaloni. Walikuwa wameona kwamba katika malisho yaliyojaa ng'ombe na ayala mwaloni mchanga huinuka kutoka ndani ya kichaka cha miiba, na baadaye, ukishakuwa mti, kivuli chake humuua mama huyo. Mifano hii miwili isingepingana hivi kama kila jirani angekuwa na tabia moja. Ndulele ni ya wazi, matawi yake hupitisha mwanga, na mizizi yake haijafumana kama ya nyasi. Bangi mwitu ni ya mwaka mmoja, hufa kiangazi na kuacha nafasi. Nyasi ndefu zilizoota karibu na maji ndizo zilizoonekana kuidhoofisha mikuyu zaidi, na kinga yake ilikuwa ndogo.

Niliandika haya kwenye daftari nikiwa nimekaa juu ya jiwe lilelile, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nilihisi kwamba ninajua la kufanya kwenye shimo moja, ingawa si kwenye eneo zima.

## Mvua ya kwanza

Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tulikuwa bondeni, mjomba mbele na jembe na panga, mimi nyuma na miche 20 ndani ya ndoo mbili. Upande wa mashariki tulikuwa tumekubaliana na mama mwenye kinyungu kwamba pale tusipande mikuyu mwaka huu. Tutapanda karibu na korongo, na ile ya karibu na korongo tutaizungushia matawi makavu ya miiba, kwa kuwa kwa pongo kichaka peke yake hakitoshi.

Kwenye shimo la kwanza mjomba alifyeka nyasi zote hadi kwenye udongo. Mashona nguo aliyang'oa karibu na shimo, na yaliyokuwa mbali, pembezoni mwa njia ya mbuzi, aliyaacha nilipomwomba, ingawa uso wake ulionesha kwamba hajakubali. Kisha akaifikia ndulele kubwa iliyosimama upande wa juu, akainua jembe, akanitazama.

"Na hii?"

"Iache, mjomba. Tuondoe matawi ya upande wa jua tu."

Alisimama hivyo kwa muda, jembe likiwa juu, mtu ambaye kwa miaka 60 hajawahi kuacha ndulele shambani mwake. Halafu akaliweka jembe chini, akachukua panga, akakata matawi mawili ya upande wa mashariki, akayalaza yakiwa na miiba yake kwenye njia ya kwato, na kunyoosha mkono ili nimpe mche.